Kuwasha Upya Pasipo Mkono wa Mtu: Historia ya Jaribio Moja la Kompyuta, Ikitazamwa Kutoka Nyeri

Kompyuta zilipoenea katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Nyeri hadi Nanyuki, Meru na Embu, zilitegemea umeme ambao ungeweza kukatika saa yoyote, na kwa sababu hiyo kila ofisi, shule na duka la mtandao lilijifunza mapema kwamba uzuri wa mashine hupimwa pia kwa namna inavyorudi kazini baada ya stima kupotea. Kazi hiyo ya kurudi ni ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ambayo hushika hatamu za kichakataji, kumbukumbu na diski mara mashine inapowaka, na ndiyo huziachilia mwisho inapozimwa. Kuwasha upya, hata hivyo, ni tendo ambalo kerneli haiwezi kulishuhudia hadi mwisho, maana katikati yake kerneli yenyewe hutoweka, na ugumu huo uliwachukua wahandisi miongo kadhaa kabla ya kupata njia za kulijaribu tendo hilo kiotomatiki, yaani kwa programu na vyombo vinavyojiendesha bila mtu kusimama kando ya swichi. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kutoka Marekani na Ulaya, mahali ambapo sehemu kubwa ya programu hizo iliandikwa. Inapotazamwa kutoka Nyeri, hudhihirika jambo ambalo masimulizi hayo hulipita haraka, kwamba jaribio la kuwasha upya lina thamani kadiri linavyofanana na jinsi umeme unavyokatika mahali ambapo kifaa kitaishi.

Maji yanayoteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua kupitia mito kama vile Chania, Gura, Ragati na Thego huingia katika Sagana, ambayo ndiyo Tana ya juu, kisha huenda kuzungusha mitambo ya mabwawa ya Seven Forks: Kindaruma iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Wakazi wa Nyeri wanaishi basi kwenye chemchemi za umeme wa taifa, lakini umeme huo huwarudia kupitia gridi, yaani mtandao mmoja wa nyaya kubwa unaounganisha vituo vyote, na hitilafu ya mbali huweza kuwafikia kwa sekunde chache. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma, transfoma ikajizima, mitambo mingine ikaelemewa, kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika na kuchukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Tarehe 25 Agosti 2023 gridi iliporomoka tena, na safari hii hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta uliguswa. Siku kama hizo gridi yenyewe hulazimika kuwashwa upya kwa utaratibu unaoanzia katika vituo vichache vinavyoweza kuanza bila kusaidiwa na umeme wa nje, na vituo vya maji hufaa sana kwa kazi hiyo, kisha maeneo huunganishwa moja baada ya jingine. Katika kipindi hicho cha kuunganisha, umeme unaweza kurudi na kukatika tena katika dakika zilezile ambazo kompyuta ya ofisini inakagua diski yake, nalo ni tukio baya zaidi kwa mashine kuliko giza lililotangulia.

Mahali ambapo elimu ya kompyuta ilikita mizizi huko Nyeri pana historia yake. Mwaka 1972, katika kipindi ambacho jamii mbalimbali za Kenya zilikuwa zikichangishana fedha ili kujenga vyuo vya ufundi, wananchi wa Nyeri walianzisha kwa moyo wa harambee chuo kilichoitwa Kimathi Institute of Technology, kwa jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyezaliwa Tetu. Mwaka 2007 chuo hicho kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Jomo Kenyatta University of Agriculture and Technology, na mwishoni mwa mwaka 2012 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, Dedan Kimathi University of Technology, ambacho wengi hukiita DeKUT. Mwaka 2015 chuo hicho ndicho kilichokuwa mwenyeji wa mkutano na mafunzo ya kwanza ya Data Science Africa, mtandao wa wataalamu wa sayansi ya data barani, na mmoja wa waliouongoza alikuwa Ciira wa Maina, mhadhiri wa uhandisi wa chuo hichohicho. Viwanja vya chuo, kando ya barabara ya Nyeri kwenda Mweiga, vina hifadhi ya wanyamapori, na humo pia imo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayotengeneza chipu, yaani vipande vya silikoni vyenye saketi ndogo mno. Hifadhi hiyo ina nafasi kubwa katika historia hii kuliko inavyoweza kudhaniwa, na itarejewa baada ya kueleza kwanza ni nini hasa kilichohitaji kujaribiwa.

Hasara ya kwanza ya umeme kukatika ghafla huangukia diski. Kerneli, ili iende kasi, haiandiki kila neno kwenye diski papo hapo. Huliweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika mara umeme unapoondoka, na hulipeleka kwenye diski baadaye pamoja na mengine. Faili moja linapohifadhiwa, mabadiliko kadhaa hufanyika mahali tofauti: yaliyomo, urefu wake, jina lake katika orodha, na alama kwamba nafasi fulani sasa imetumika. Umeme ukikatika baada ya mabadiliko mawili na kabla ya la tatu, diski hubaki na orodha inayojipinga yenyewe, na mifumo ya zamani ya aina ya Unix iliirekebisha kwa programu iliyopitia diski yote mwanzo hadi mwisho, kazi ambayo katika diski kubwa iliweza kuchukua muda mrefu sana. Mwaka 2001 kerneli ya Linux, iliyotangazwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, iliingiza rasmi mfumo wa faili uitwao ext3, uliosanifiwa na Stephen Tweedie, ambao huandika kwanza katika daftari dogo kile unachokusudia kufanya, na ndipo hukifanya. Umeme ukirudi, kerneli husoma daftari hilo tu, hukamilisha yaliyokwisha kuandikwa kikamilifu na kuyaacha yaliyokatikia njiani. Kwa duka la mtandao la Karatina au Chuka, badiliko hilo lilikuwa na faida ya wazi kuliko kasi yoyote mpya ya kichakataji, ingawa halikuwahi kutangazwa kwenye ubao wa bei.

Hasara ya pili haionekani kwa urahisi, nayo ni kwamba hata pale umeme ulipo na mtu anapoiamuru mashine ijiwashe upya kwa taratibu, mashine inaweza kukataa. Kompyuta binafsi ya IBM ilipotolewa mwezi Agosti 1981, mhandisi David Bradley alikuwa ameipa uwezo wa kuwashwa upya kwa kubonyeza vibonye vitatu pamoja, Ctrl, Alt na Del, vilivyochaguliwa kwa kuwa vilikaa mbali kiasi kwamba mkono mmoja usingeweza kuvibonyeza kwa bahati mbaya. Njia hiyo ilikusudiwa kuwasaidia wasanifu wenyewe waliochoka kungoja mashine ijikague upya kila ilipogoma. Modeli ya AT ya mwaka 1984 ilileta tatizo jipya, kwa sababu kichakataji chake, 80286 cha Intel, kiliweza kuingia katika hali ya ulinzi inayotenga programu moja na nyingine lakini hakikuwa na amri ya kutoka humo, isipokuwa kwa kuanzishwa upya. IBM iliunganisha basi waya kutoka kwenye chipu ndogo inayosimamia kibodi hadi kwenye kichakataji, na tangu hapo, kwa miaka mingi, kompyuta nyingi duniani zilikuwa zikiwashwa upya kwa kuiomba chipu ya kibodi ikizime na kukiamsha kichakataji kikuu. Njia nyingine ni kukifanya kichakataji kikosee kwa makusudi, kikosee tena katika kushughulikia kosa hilo, na kikosee mara ya tatu, hadi kisimame na ubao mkuu ukianzishe upya.

Kerneli ya Linux imerithi njia hizo zote pamoja na nyingine zilizokuja baadaye kupitia programu dhibiti, ambayo ni programu iliyohifadhiwa ndani ya ubao mkuu na inayotangulia mfumo endeshi kuwaka. Ndani ya chanzo chake, yaani maandishi ya programu ambayo yeyote anaweza kuyasoma, ipo orodha ya modeli za kompyuta inayotaja kwa jina mashine za Apple, Dell na nyinginezo, kila moja ikiwa na maelekezo ya njia inayoifaa, kwa kuwa mashine fulani huganda ikiombwa kupitia kibodi ilhali nyingine huganda isipoombwa hivyo. Orodha hiyo haikutokana na nadharia. Kila mstari wake ni kumbukumbu ya mashine iliyowahi kugoma mikononi mwa mtu, akaandika taarifa, na marekebisho yakafanywa, na msomaji makini anaweza kuisoma kama mwanahistoria anavyosoma rejista ya mahakama. Amri yenyewe ya kuwasha upya imewekewa kinga dhidi ya ajali: programu inayoitoa sharti ipeleke namba mbili maalumu, na mojawapo ya zinazokubalika kwa namba ya pili, ikiandikwa kwa mfumo wa kihesabu wa namba kumi na sita, inasomeka kama tarehe 28 Desemba 1969, siku aliyozaliwa Torvalds. Kinga hiyo ina maana, kwa sababu amri iliyotolewa kimakosa huikata kazi ya kila mtu anayeitumia mashine hiyo, wala hakuna njia ya kuitengua.

Hadi hapo mtu alikuwa bado yupo kando ya mashine. Mambo yalibadilika pale kompyuta zilipopelekwa mahali pasipo mtu, na chombo kilichozaliwa na haja hiyo kinaweza kuitwa saa mlinzi: ni saketi inayohesabu kushuka kuelekea sifuri, ambayo programu inayofanya kazi vizuri sharti iirudishe mwanzo kila mara, na isiporudishwa huchukulia kwamba programu imeganda na huianzisha mashine upya. Mfano uliosomwa zaidi katika vyuo vya uhandisi ni wa chombo cha Mars Pathfinder cha Marekani, kilichotua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997 na ambacho siku chache baadaye kilianza kujiwasha upya mara kwa mara, kikiahirisha kazi za siku hiyo hadi kesho yake. Saa mlinzi ilikuwa ikifanya wajibu wake, kwani kazi yenye umuhimu mkubwa ilikwama ikisubiri rasilimali iliyoshikwa na kazi ndogo ya kukusanya vipimo vya hali ya hewa, na kazi hiyo ndogo nayo ilizuiwa na kazi za wastani kuimaliza. Wahandisi waliiendesha nakala ya chombo hicho iliyobaki duniani hadi hitilafu ikajirudia mbele yao, ndipo wakatuma marekebisho. Jambo linaloumiza katika kisa hicho ni kwamba dalili zake zilikuwa zimewahi kuonekana kabla ya safari, zikapuuzwa kwa sababu hazikuweza kurudiwa kwa urahisi.

Miji ya Mlima Kenya haikuhitaji kwenda Mirihi ili ipate mashine zisizofikika. Mwezi Februari 2013 Microsoft, kwa ushirikiano na Wizara ya Habari ya Kenya na kampuni ya Indigo Telecom, ilizindua karibu na Nanyuki mradi wa Mawingu, uliopeleka intaneti kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyotumiwa na kituo chochote mahali hapo, huku mitambo yake ikiendeshwa kwa umeme wa jua, na miongoni mwa waliounganishwa kwanza walikuwamo shule ya sekondari ya Gakawa na zahanati ya Burguret. Mwaka huohuo jijini Nairobi waanzilishi wa shirika la teknolojia la Ushahidi walitangaza BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti chenye betri ya kudumu saa nane na uwezo wa kuhama chenyewe kutoka njia moja ya mawasiliano hadi nyingine, na walieleza waziwazi kwamba vifaa vilivyokuwapo vilisanifiwa kwa ajili ya nchi ambazo umeme haupotei. Kilichounganisha miradi hiyo miwili ni kwamba mwenye kuzima na kuwasha aliondolewa. Mnara ulio katika nyanda kavu za Kieni au Laikipia ukiganda usiku, fundi lazima asafiri, na gharama ya safari moja huweza kulingana na bei ya kifaa chenyewe. Kwa hiyo kifaa kinachojiwasha upya kwa uhakika mara tisa kati ya kumi bado ni hasara, kwa kuwa ile mara ya kumi ndiyo inayolipiwa petroli.

Katika Linux, saa mlinzi hufunguliwa kama faili, na tangu inapofunguliwa programu hulazimika kuliandikia chochote kabla ya muda kwisha. Programu ikifa kwa ajali, maandishi hukoma na mashine huanza upya. Lakini ikiwa mtumiaji anataka kuisimamisha kwa hiari, huandika herufi V kabla ya kulifunga faili hilo, ili kerneli ijue kwamba kimya kinachofuata ni cha makusudi. Herufi hiyo moja hutenganisha kuzima na kufa. Inaonyesha vilevile kwa nini jaribio haliwezi kuridhika na kuona mashine imewaka tena, kwani sharti lithibitishe kwamba iliwaka kwa sababu iliyotarajiwa, kupitia njia iliyotarajiwa, na ndani ya muda uliotarajiwa.

Hapo ndipo ugumu wa msingi wa kazi hii ulipojitokeza. Jaribio la kawaida la programu huishi ndani ya mashine inayojaribiwa: huita kazi fulani, hulinganisha jibu na lile lililokusudiwa, kisha huandika kama limefaulu. Jaribio la kuwasha upya haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa hufutwa pamoja na kila kitu kilichomo katika kumbukumbu, kama vile mtu asivyoweza kueleza saa hasa alipopitiwa na usingizi. Kwa hiyo makusanyo ya mwanzo ya majaribio ya kerneli, kama vile Linux Test Project lililoanzishwa na kampuni ya SGI karibu na mwaka 2000, yalijishughulisha zaidi na mambo ambayo mashine ingeyapita ikiwa hai, na suala la kuwasha upya likabaki kwa muda mrefu mikononi mwa watumiaji, ambao waliligundua kosa kwa kulipata.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kutumia mashine mbili. Mashine ya pili hukaa macho, imeunganishwa na ile ya kwanza kwa waya unaopeleka herufi moja baada ya nyingine, na husoma kila neno ambalo kerneli inalitamka tangu inapoanza. Pembeni yake huwekwa relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme badala ya kidole, inayoweza kuikata na kuirudishia mashine inayojaribiwa umeme wake. Mapema katika muongo wa 2010 Steven Rostedt aliingiza katika chanzo cha Linux programu ya ktest, inayojenga kerneli mpya, kuipeleka kwenye mashine ya majaribio, kuiwasha upya, kusikiliza waya, na kukata umeme endapo kimya kitazidi muda uliowekwa. Faida yake kubwa ilikuwa katika kumtafuta mkosaji. Ikiwa kerneli ya mwezi uliopita iliwaka vyema na ya leo haiwaki, na kati yao kuna mabadiliko 1,000, programu hujaribu lile la katikati, hutupa nusu isiyohusika, hugawa tena nusu iliyobaki, na baada ya kuwasha mara 10 hivi huwa imelifikia badiliko lenyewe. Mtu angeweza kufanya hivyo kwa mkono, lakini ni wachache wangekuwa na subira ya kukaa usiku kucha wakibonyeza swichi.

Kazi hiyo ilikua kuwa taasisi. Linaro, shirika la uhandisi lililoanzishwa mwaka 2010 kwa ajili ya vichakataji vya Arm, lilijenga mfumo wa LAVA unaosimamia mamia ya bodi ndogo zilizopangwa rafuni, kila moja na waya wake na swichi yake, na mwaka 2014 mradi wa KernelCI ulianza kukusanya matokeo ya kuwasha kerneli mpya katika maabara za nchi mbalimbali. Bodi hizo za Arm ni ndugu wa karibu wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, na ambayo ndiyo iliyowawezesha wahandisi wa vyuo vya Afrika kujenga vifaa vya utafiti bila bajeti kubwa.

Katika hifadhi ya DeKUT, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Ciira wa Maina na wenzake ulitoa kumbukumbu ya sauti za ndege wa hifadhi hiyo iliyopatikana kwa gharama nafuu, na ulionyesha pia dalili za athari za barabara kuu kwa ndege hao. Baadaye kituo cha sayansi ya data na akili mnemba cha chuo hicho kiliweka vipima maji katika mto Muringato, vinavyotuma wimbi la sauti lisilosikika kuelekea maji, kupima muda linaochukua kurudi, na kupeleka kina cha mto kwa redio ya LoRa, ambayo hutumia umeme kidogo na kufika mbali. Vifaa vya aina hiyo hukaa porini, na rekodi yake ina thamani kwa sababu ya mwendelezo: pengo la usiku mmoja wa mvua kubwa linaweza kuwa la usiku uleule ambao mto ulipanda. Kifaa kinachotegemea Raspberry Pi kina pia udhaifu unaojulikana, kwamba kwa kawaida huhifadhi mfumo wake wote katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na umeme ukikatika kadi inapoandikwa, data iliyokwisha kuwekwa salama inaweza kuharibika pamoja na ile iliyokuwa ikiandikwa, hata daftari la mfumo wa faili lisiweze kuiokoa. Saa mlinzi ya bodi hiyo nayo huhesabu takribani sekunde 15 tu, hivyo kazi halali inayoizuia programu kuandika kwa muda mrefu zaidi ya hapo huadhibiwa kana kwamba ni hitilafu.

Mashine pepe, yaani kompyuta nzima inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, ilirahisisha mambo kwa upande mmoja. QEMU, iliyotolewa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ilimfanya mtazamaji wa nje awe programu badala ya bodi ya pili, na gharama ya kuzima na kuwasha ikashuka hadi karibu na bure. Njia hiyo ilifaa hasa kwa kexec, kipengele kilichoingia katika Linux mwaka 2005 kwa kazi ya Eric Biederman, ambacho huiwezesha kerneli kuipakia kerneli nyingine kumbukumbuni na kurukia humo moja kwa moja bila kurudi kwenye programu dhibiti, ambayo katika seva kubwa huweza kuchukua dakika kadhaa. Mwaka 2025, katika toleo la 6.16, kiliongezwa kipengele cha makabidhiano, ambapo kerneli inayoondoka huiachia ile inayoingia sehemu fulani za kumbukumbu zikiwa na yaliyomo. Jaribio lake la kiotomatiki ni fupi na la kupendeza: hati moja hujenga kerneli ndogo, huiwasha ndani ya QEMU pamoja na programu moja tu ya kuanzia, data huwekwa na kupigiwa hesabu ya uhakiki, kerneli huruka kwenda katika kerneli mpya, na ile mpya huipiga hesabu ileile upya na kutamka kama zinalingana. Mashahidi wa pande zote mbili za kifo cha kerneli wanapatikana, na mwanafunzi wa Nyeri anaweza kuliendesha jaribio hilo kwenye kompyuta ya mkononi, kwa betri, stima ikiwa imepotea.

Lakini mashine pepe huzimika kwa namna moja tu, yaani kikamilifu na papo hapo, na relei ya maabara nayo hufanya vivyo hivyo. Umeme wa jua haukatiki hivyo. Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yanapolala juu ya miteremko ya Mlima Kenya kwa siku nyingi mfululizo, betri hushuka polepole, na bodi iliyotengenezewa volti 5 huanza kutoa onyo la upungufu inapofika volti 4.63 hivi, ikiwa bado hai lakini haitegemeki: kichakataji kinaendelea, huku kadi ya kumbukumbu ikiweza kuwa tayari imeanza kuandika makosa. Asubuhi mwanga ukirudi, volti hupanda, kifaa huwaka, na kuwaka kwenyewe hula umeme mwingi kuliko kukaa, hivyo betri huanguka tena na kifaa huzimika kabla kerneli haijamaliza kuamka, kisha mzunguko huo hujirudia mara nyingi, kila mara ukigusa kadi ileile. Mafundi huzuia hali hiyo kwa kidhibiti kinachokata mzigo wa betri ya volti 12 inaposhuka karibu na 11 na kukataa kuurudisha hadi ipande vya kutosha juu ya 12, ili pengo kati ya viwango viwili liinyime mashine nafasi ya kusitasita. Kidhibiti hicho, kerneli, saa mlinzi na kadi hujaribiwa kila kimoja mahali pake, na watengenezaji tofauti. Jaribio linalovipitisha vyote pamoja katika mteremko wa polepole wa volti, kushuka na kupanda, mamia ya mara, huku mashine ya pili ikisikiliza waya, linahitaji tu chanzo cha umeme kinachoamriwa na programu, betri iliyokwisha kuzeeka na bodi ya bei nafuu, na hakuna maabara ya rafu zenye umeme thabiti inayolihitaji kwa dharura kama kituo cha DeKUT kilicho kando ya barabara ya Mweiga.